Mkanda Uliishia Kwenye Migomba

Dada yangu,

Mama alitaka ufike. Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu, maana unanijua, mimi si mtu wa kuandika. Hata kadi za Krismasi ulikuwa unaandika wewe, mimi naweka jina langu kwa chini. Lakini tangu nilipoileta kompyuta yako huku nyumbani Olmotonyi na kuiwasha, mama alikuwa anakaa mbele yake kila jioni akishamaliza kukamua. Anakuangalia unavyoshuka na njia, kikapu mkononi. Ukifika kwenye migomba unapotea, halafu unaanza tena kule juu. Hapo mama ananigeukia.

"Mbona hafiki?"

Kila siku ilikuwa hivyo. Mtu wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Jina lako siliandiki, usinielewe vibaya. Koko amekataza tangu tulipokuzika. Si unamjua bibi yetu, Jumapili yuko kanisani benchi la mbele, lakini mambo ya Kiarusha hayaachi. Aliyekufa haitwi jina. Kwa hiyo ndani ya nyumba siku hizi wewe ni "dada yake huyu", na huyo "huyu" ni mimi. Watu wakitaka kukutaja wananiangalia mimi kwanza. Wakati mwingine naona aibu, natoka nje.

Nakumbuka ulivyoanza na mambo haya ya picha. Tulikuwa tumepanga kile chumba mtaa wa Kwa Mrombo, mimi nashusha ndizi sokoni, wewe unachapa barua kwenye ofisi ya kupeleka wazungu mbugani. Wakati ule ofisi za hivyo zilikuwa zinaota kama uyoga, kila mwenye gari moja anaandika mlangoni kwamba yeye ni kampuni. Kwenye ofisi yenu kulikuwa na kitabu kinene cha kufundisha kutengeneza programu, mgeni mmoja alikisahau. Wenzako wakienda kula mchana, wewe unabaki nacho. Walipoleta kompyuta mpya wakakupa ile ya zamani, tukaileta chumbani, tukaiweka juu ya meza ya kulia. Kuanzia siku hiyo tukawa tunakula tumekaa kitandani.

Halafu ukaja na yule paka wa picha. Ulimtoa kwenye intaneti kule mjini, umemweka kwenye disketi, ukaniita kabla hata sijanawa mikono.

"Dogo, njoo umwone huyu. Kule intaneti anacheza mpaka unacheka. Nimemweka kwenye programu yangu, ona, amesimama kama mlinzi wa benki."

Nikaangalia. Kweli paka amesimama, mguu mmoja juu.

"Labda amechoka na safari," nikasema.

Ulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi watu hawacheki ninayosema, kwa sababu sisemi. Wewe ulikuwa unacheka kila mara, hata nikisema kitu cha kawaida.

Baada ya siku kadhaa ukaniambia umeelewa. Nakumbuka ulivyokaa, miguu juu ya kitanda, kitabu kifuani. Ukasema hakuna picha inayotembea duniani. Kuna picha nyingi zilizosimama, zinapishana haraka, macho ndiyo yanadanganyika. Kile kiboksi cha picha cha programu yako kinachukua ya kwanza tu, nyingine kinaziacha. Ukasema, "Basi nitazipanga mwenyewe, moja moja."

Ukamtenganisha paka vipande vyake vyote. Ukaweka kisaa ndani ya programu, kila kikigonga picha inabadilika. Tukakaa kuangalia. Kompyuta ikawa inanguruma, kila picha inakwenda kuichukua kwenye disketi. Paka anainua mguu leo, anaushusha kesho.

"Mjinga mimi!" ukasema. "Mtu anasonga ugali, kila akigeuza mwiko anakimbia dukani kununua unga? Unapakia zote kwanza, zikae kichwani mwa kompyuta. Zikishakaa, ndiyo unaonyesha."

Ukabadilisha, paka akacheza. Alicheza kwelikweli, mimi nikapiga makofi peke yangu. Lakini wewe ulimwangalia kidogo tu, ukamzima. Ukasema paka si wa mtu. Unataka mama aone mtu anayemjua.

Ile Jumamosi ulipoazima kamera ya ofisi, naikumbuka yote. Mkanda uliokuwa ndani ulishapigwa karibu wote, kambi za mbugani na vitanda vya wageni, ulikuwa umebaki kidogo. Ukasema picha zilizobaki zinatosha. Tulipofika kona ya juu ya shamba ukanituma nitangulie mpaka mlangoni, nisimame pale kwenye ngazi, nisisogee hata kidogo. Wewe ungeshuka na njia kama unavyoshuka siku zote, na kikapu chako cha sukari na mkate. Unapiga hatua, unasimama, mimi napiga picha. Hatua, picha.

Mbwa alishakusikia. Na mama akisikia mbwa anabweka kwa furaha unajua huwa anafanya nini. Mama hajawahi kumwacha mtu wake afike mlangoni na mzigo. Anatoka, anakwenda mpaka kwenye migomba, ananyoosha mikono yote miwili, anapokea kikapu hata kama ndani kuna kiberiti tu. Salamu zinaanzia pale, mzigo ukishakuwa kwake. Siku ile alikuwa tayari ameshavaa ndala, anatoka, wewe ukapiga kelele kutoka kule juu, ukamwita mama kwa Kimaa.

"Yeyo, usitoke! Leo kaa ndani, utaharibu picha!"

"Nikae ndani na wewe unakuja na mzigo?"

"Ni mchezo, Yeyo. Kidogo tu."

"Mchezo gani huo wa mtu kutopokelewa?"

Lakini alirudi ndani. Nilimsikia akivuta kigoda.

Tukaanza. Nilikuwa nakuangalia kwa jicho moja, na kwa mara ya kwanza nikawa bosi wako. "Mkono wa kulia ulikuwa mbele, usibadilishe." "Kichwa umeinua, kirudishe." Wewe unatii, unajikaza usicheke, mguu uko hewani. Koko amekaa juani anauliza kama umepata ugonjwa wa viungo. Nilipopiga ya tisa, wewe uko kwenye migomba, jani moja limekugusa bega, kamera ikaanza kulia yenyewe mikononi mwangu, zzzz, nikadhani nimeivunja.

"Imefanya nini?"

"Sijagusa kitu!"

Ukasikiliza, ukacheka. "Inajirudisha. Mkanda umeisha. Basi tutamalizia siku nyingine, nitafika tu."

Halafu ukaingia ndani na kikapu chako mwenyewe. Ukakiweka chini sakafuni. Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, mikono imekunjwa, na hakukigusa kile kikapu mpaka chai ilipochemka. Mlicheka baadaye, ulimwimbia, akakupiga begani. Tuliona ni kitu kidogo. Na ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho wewe kuja nyumbani kwa miguu yako.

Wiki ile uliziingiza picha kwenye kompyuta kwa skana ya ofisini. Ulinionyesha mimi peke yangu. Ulikuwa unatembea, dada. Si kama sinema, ulikuwa unarukaruka kidogo, kama mtu anayekwepa matope. Lakini ulikuwa ni wewe kabisa, lile bega lako la kushoto liko chini. Uliipangia ikifika ya tisa irudi ya kwanza, basi unashuka, unashuka, unashuka. Ukasema mwezi ukiisha tutaibeba kompyuta tumpelekee mama aone. Kabla mwezi haujaisha ukashikwa na homa, ukalazwa, na homa haikukuachia.

Mama hakulia. Siku ya mazishi hakulia, arobaini hakulia. Akina mama wa kanisani walisema ana imani. Mimi huwa naangalia watu, na ile niliyoiona haikuwa imani. Mbwa akibweka alikuwa anageuza shingo kuelekea njiani. Alikuwa anasubiri.

Nikahama Kwa Mrombo, nikarudi nyumbani, siku hizi namwagilia miche kwenye kitalu huku juu. Kompyuta nikaiweka sebuleni, mama akaifunika kitambaa chake cha kufuma kama alivyofunika redio. Siku ya kwanza kuiwasha nilimwogopa Koko. Nilijua atasema si vizuri. Alikaa, akakuangalia unashuka mara nyingi, akasema kilichokatazwa ni jina, picha hakuna aliyeikataza. Akatema mate kidogo ya baraka kifuani kwake, akaendelea kuangalia.

Kuanzia hapo jioni mama hakutoka tena mbele ya kioo cha kompyuta. Chakula anakula akiwa pale, kidogo, kijiko kimoja anakishika mpaka kinapoa. Alikonda, magauni yakawa yanamzunguka. Nilimweleza habari ya mkanda kuisha.

"Najua uliisha," akasema. "Nilikuwa ndani, nilisikia."

"Basi ndiyo maana hafiki, mama. Hakuna picha nyingine."

Wewe ukashuka tena, ukapotea tena.

"Amesimama pale kwa sababu hakuna aliyetoka," akasema. "Alikuwa ananingoja mimi. Nipige na mimi picha, nitoke."

Nilikwenda mjini ofisini kwenu, dada. Unajua ninavyoogopa zile ngazi. Nilisimama chini mpaka mlinzi akadhani nina nia mbaya. Elirehema ndiye aliyeniona dirishani, yule mliyekuwa mnagawana meza.

"Dogo! Panda bwana, sisi hatung'ati!"

Nikapanda. Nikamsalimia, nikamwomba kamera, akanikalisha kwenye kiti chako, na akalitaja jina lako. Alilitaja tu kama kitu cha kawaida, kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kutumia skana. Nilikuwa sijalisikia tangu mazishi. Nikainamisha kichwa, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakina kamba. Elirehema akaniacha hivyo, akaenda kutafuta kamera. Ni mtu mzuri.

Mama alivaa kitenge cha Pasaka. Nikamwambia mama, si lazima, akasema anakwenda kupokea mtu. Mimi nikasimama pale pale kwenye ngazi ya mlango, kama siku ile. Yeye akatoka, akanipita, akaanza kwenda kwenye migomba, kwa hiyo kwenye kamera naona mgongo wake tu.

"Hatua, halafu simama, mama. Usigeuke."

"Nisimame namna gani, mguu hewani?"

"Uweke chini kidogo."

"Unamfundisha mama yako kutembea?" Koko akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Alitembea kabla wewe hujazaliwa."

Hata mama alicheka kidogo, mgongo ukatingishika, ile picha moja ikatoka na ukungu. Alikwenda polepole mpaka pale jani lilipokugusa bega. Akanyoosha mikono yote miwili. Nikapiga. Nikamwambia basi, zimetosha. Hakuishusha mikono. Alikaa hivyo, mimi nimeshusha kamera sijui nifanye nini, mpaka Koko akamwita kwa Kimaa, kwa sauti ya chini, ndipo akarudi.

Elirehema aliziingiza kwenye disketi, akaniandikia kwenye kipande cha gazeti namna ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Kufungua programu yako upande wa ndani, wa maandishi, nilishakuona ukifanya. Yote ni Kiingereza, sielewi, na darasa la tano nililoishia halisaidii kitu. Lakini katikati kuna yale maneno ya kijani uliyokuwa unajiandikia kwa Kiswahili. Uliniambia ukitanguliza kile kialama kidogo kama koma ya juu, mstari unakuwa wa kijani na kompyuta inauruka, haiusomi, unabaki wa mtu. Nilikaa nikayasoma yote. "Hapa napakia zote kwanza." "Hapa kisaa, usikiharakishe, atakimbia." "Ukiongeza picha badilisha namba hii tu." Ilikuwa kama umekaa kwenye chumba cha pili unaongea peke yako.

Nikabadilisha tisa nikaweka kumi na tano. Nikaiwasha. Kompyuta ikapiga mlio, kikatokea kiboksi cha Kiingereza chenye alama nyekundu.

"Imemkataa?" mama akauliza.

"Imenikataa mimi."

Nilihangaika siku mbili. Kumbe Elirehema alizipa zile picha jina la mama, mama moja, mama mbili, na programu yako inaita picha kwa jina la picha na namba yake, haijui mama ni nani. Nikazibadilisha majina, mama moja akawa picha ya kumi, akakaa nyuma yako kwenye foleni. Nikawasha tena.

Ulishuka na njia. Ulifika kwenye migomba, jani likakugusa bega. Ukatoka, na pale pale mgongo wa mama ukaingia, kitenge cha Pasaka, akawa anakwenda. Hakuna hata picha moja mliyokuwa wote wawili. Wewe unatoka, yeye anaingia. Lakini ni njia ile ile, migomba ile ile, na mimi niliyesimama mlangoni nilikuwa sijasogea. Akafika. Akanyoosha mikono.

"Mgongo wangu umezeeka hivi?" mama akasema.

Programu ilikuwa imesharudi mwanzo, na wewe uko tena kule juu kwenye kona ya shamba, kikapu mkononi. Mama akainuka kwenye kiti.

"Hapana. Asirudi barabarani."

"Ndivyo alivyoipanga mwenyewe, mama. Zikiisha inarudi moja."

"Kikapu nimeshakipokea. Anarudi kule kufanya nini? Mwache aingie ndani."

Nataka nikuambie ukweli, dada, mimi sikutaka. Mama alikuwa anaangalia migomba, lakini mimi miezi yote hii nilikuwa naangalia ile kona ya juu. Kwangu pale ndipo palikuwa pazuri, pale unapotokea upya, kabla ya hatua ya kwanza, unakaribia kucheka. Nilikuwa najua hata ukipotea, nikihesabu pumzi chache tu utatokea. Nikamwambia mama nikiuondoa ule mstari wa kukurudisha mwanzo, atakuwa anakuona mara moja tu.

"Mwanangu," akasema, "nimechoka kumngoja."

Na hapo akalia. Alilia kwa sauti, akaegemea meza ya kompyuta, kitambaa kikaanguka. Nilitaka kumshika, Koko akanishika mimi mkono, akasema mwache, amechelewa kulia huyu.

Mstari niliupata. Juu yake uliandika kwa kijani, "Hapa anaanza upya." Sikuufuta, mkono ulikataa. Nilitanguliza kile kialama chako, mstari ukageuka kijani, kompyuta ikauruka. Chini nikakiambia kisaa kisimame, kwa neno lile lile uliloandika kwenye kitufe cha kuzima. Sasa ukiwasha, unashuka mara moja, mama anatoka, ananyoosha mikono, basi, picha inatulia.

Mama ameanza kula. Anakwenda kanisani, anagombana na Koko habari ya kuni, analia pia, akiwa anapika, akiwa anakamua, halafu anapangusa uso kwa kanga anaendelea. Kompyuta haiulizii sana. Mbwa akibweka hageuzi shingo.

Mimi ndiye ninayegeuka. Nikitoka kwenye kitalu huwa napita kwa juu, pale kwenye kona ya shamba ulipoanzia. Nasimama kidogo, nashuka na njia mpaka nyumbani. Jana nilikuwa na mkungu wa ndizi begani, mama akasikia, akatoka na ndala zake, akaja mpaka kwenye migomba akanipokea. Mkungu ni mzito, nilimwambia aache, akakataa. Tukaubeba wote wawili, yeye mbele mimi nyuma, mpaka tukaingia ndani.

Lala, dada. Huku nyumbani tunajua umeshafika.

Ni mimi, mdogo wako.